Maziwa yanavuja mpaka kwenye dera? Fanya hivi hatua kwa hatua, bila kujiletea jipu

Naandika hii kwa sababu kesi ni ileile kila siku na kosa ni lilelile. Mama mzazi maziwa yanamvuja, anachukua kanga anajikaza kifuani kama anafunga mzigo wa kuni, mwingine anapunguza kunywa maji, mwingine anakamua kila saa mpaka tone la mwisho. Siku ya tatu ziwa limekuwa jiwe, homa juu, na maziwa bado yanavuja vilevile.

Kwa hiyo tuelewane kabla hatujaanza. Wiki za mwanzo maziwa hatuyazuii, tunayakinga. Mvua ikinyesha si unatoa ndoo nje? Basi ndo hivohivo.

Na kingine, kuvuja si kipimo cha maziwa mengi wala machache. Kuna wanaovuja kama bomba bovu na kuna wasiotoa hata tone nje, na watoto wa wote wanashiba. Ukitaka kujua mtoto anashiba hesabu mikojo, kuanzia siku ya tano hivi alowanishe nepi sita au zaidi kwa siku, na uzito uongezeke kwenye kadi ya kliniki. Dera lililolowa halikwambii chochote.

Vitu vya kuandaa kwanza

Vingi unavyo ndani, usikimbilie dukani.

- Kanga moja au mbili kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zimelainika. Kanga mpya ina wanga, maji yanateleza juu yake hayaingii.
- Taulo kuukuu la pamba, au fulana za mitumba za pamba tupu.
- Kipande cha blanketi la mtoto, lile la manyoya laini.
- Sidiria tatu za pamba zisizo na waya, saizi moja juu ya ile uliyokuwa unavaa kabla ya mimba.
- Kikombe au bakuli dogo la mdomo mpana, lenye mfuniko, linaloweza kuchemshwa.
- Ule mpira wa kutandika ulioambiwa uende nao leba. Kama ulinunua wa ziada au umeusafisha vizuri, usiutupe.
- Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la kubebea pedi zilizolowa ukiwa safarini.
- Mtandio mkubwa wenye maua mengi.

Pedi za maziwa za kutupa zipo kwenye maduka ya dawa na maduka ya vitu vya watoto Kariakoo, sizikatai, ila kwa mtu anayevuja kweli paketi haimalizi wiki na hela inaenda. Mi naziweka za safari tu.

Vitu vya kuacha: tishu (inalowa inachanika inagandia kwenye chuchu, mtoto akija kunyonya anakula karatasi), pamba ya dukani (nyuzi zinabaki kwenye chuchu), na zile pedi za hedhi zenye harufu ya maua. Najua wengi mnazikata katikati mnaweka, lakini chini zina nailoni, na joto letu hili chuchu inakaa kwenye unyevu kutwa nzima. Fangasi wanapenda hapohapo.

Hatua ya 1: Siku mbili angalia tu yanatoka saa ngapi

Usifanye chochote, angalia. Maziwa yanashushwa na homoni inaitwa oksitosini, na hiyo inaamshwa na vitu vingi: mtoto kunyonya, mtoto kulia, mtoto wa jirani kulia, kumfikiria mwanao tu, kuoga maji ya moto, hata saa ya kunyonyesha ikifika mwili unajua wenyewe. Wengine wanasikia kama sindano ndogondogo au ganzi ziwani sekunde chache kabla hayajatoka. Wengine hawasikii kitu, wanashtukia baridi tumboni.

Hapa Dar kuna chanzo kimoja watu hawakihesabu, nacho ni bibi wa kukanda. Siku arobaini anakukanda na maji ya moto, kitambaa kinapita tumboni na kinapita kifuani, halafu unashangaa saa mbili asubuhi umelowa mpaka kiunoni. Joto linafungua maziwa. Mwambie kwa adabu, "Bibi, kifuani tupitie juujuu", hatagoma. Au basi mkandwe kwanza halafu ndo uvae nguo safi.

Na lingine naliandika kwa sababu mnaliuliza kwa kunong'ona: maziwa kuchuruzika wakati wa tendo la ndoa ni oksitosini hiyohiyo. Si dalili kwamba umembemenda mtoto. Nyonyesha kabla, weka taulo, basi.

*Umefaulu ukiweza kusema:* "Mi navuja alfajiri, navuja ziwa la pili wakati ananyonya la kwanza, na navuja nikichelewa zaidi ya masaa matatu." Ukishajua saa zako nusu ya kazi imeisha.

Hatua ya 2: Shona pedi zako

Hii ndo hatua watu wanairuka wanaweka kitambaa chochote, halafu wanasema pedi za kitambaa hazifai. Zinafaa, zikishonwa sawa.

Chukua kisosi cha kikombe cha chai, chora duara. Ikizidi sentimita 12 au 13 ni sawa, ikipungua hapo haifai, maziwa yanatokea pembeni. Kila pedi ina tabaka tatu:

Ya ndani, inayogusa chuchu, ni kanga kuukuu. Laini, haiparuzi.

Ya katikati ni taulo, mikato miwili. Hii ndo inayobeba maji yote.

Ya nje ni lile blanketi la manyoya. Haizuii maji kabisa lakini inayachelewesha, na inapitisha hewa, ndo maana naipenda kuliko nailoni.

Peleka kwa fundi cherehani mwenye overloki, mwambie apige pembeni na akunje kipande kidogo kutoka ukingoni mpaka katikati, ile pedi ipate tumbo kama kikawa kidogo. Ikiwa bapa inakunjamana ndani ya sidiria, na ukivaa blauzi ya kubana watu wanaona duara zima. Overloki iwe upande wa nje, uzi wa nailoni ukigusa chuchu yenye vidonda utalia.

Shona jozi nane mpaka kumi. Najua unaona nyingi, lakini ukivuja sana unabadili mara tano au sita kwa siku, na hapo hujaweka usiku wala hujaweka mvua.

*Jaribio kabla hujaziamini:* mimina vijiko viwili vya chakula vya maji katikati ya pedi, subiri dakika moja, halafu iweke juu ya karatasi kavu ubonyeze na kiganja. Karatasi ikibaki kavu pedi imepita. Ikilowa, ongeza mkato wa taulo. Na maji yakibaki juu yanang'aa bila kuingia, kitambaa chako kina wanga au kimewahi kuoshwa na ile dawa ya kulainisha nguo, kifue tena mara mbili kwa sabuni ya kawaida.

*Onyo:* pedi ikilowa inatoka. Si "nitabadili nikifika nyumbani". Na ikigandia kwenye chuchu usiivute, ilowanishe na maji ya uvuguvugu kwanza.

Hatua ya 3: Sidiria ishike, isibane

Fupi hii. Ukivua sidiria jioni ukaona mistari myekundu imechimba kwenye ziwa, imekubana, itoe. Sehemu inayobanwa ndo maziwa yanatuama na uvimbe unaanzia hapo. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila shida. Soko la Karume la mitumba kuna sidiria nzuri za pamba, ila nenda na kipimo cha sasa, usiende na kumbukumbu, na ukifika nyumbani fua kwa maji ya moto na uipige pasi.

Hatua ya 4: Kinga upande wa pili wakati ananyonya

Mtoto akiwa ziwa la kushoto, la kulia linamwaga. Kawaida kabisa, homoni haichagui upande. Wengi ndo hapa wanapolowa, na kila siku wanaacha maziwa mazuri yaende kwenye kanga.

Chukua kile kikombe kilichochemshwa, kipachike chini ya chuchu ya upande ulio wazi, egemeza na sidiria iliyofunguliwa nusu. Kama huna mpango wa kuyatunza weka nepi ya kitambaa iliyokunjwa mara nne.

Yale ya kwenye kikombe mtoto anaweza kupewa, kwa kikombe au kijiko. Lakini sikia, maziwa yanayodondoka yenyewe yana mafuta machache kuliko yale anayovuta mtoto mwenyewe, kwa hiyo ni nyongeza, si mlo. Kuhusu muda, zile saa nne za kukaa nje ya friji mnazosomaga ni za chumba chenye nyuzi 25 kushuka chini. Chumba chako Manzese mwezi wa pili kina nyuzi 25? Hesabu pungufu, yatie kwenye friji mapema, humo yanakaa mpaka siku nne. Umeme ukikatika usifungue fungue friji. Na yaliyonyonywa na pedi yameshaondoka, usiyakamulie popote, kuna mtu kaniuliza hilo.

Maziwa yakitoka kwa nguvu mpaka mtoto anapaliwa, anakohoa, anaachia ziwa analia, jilaze nyuma na mito mtoto awe juu ya kifua chako. Yakipanda mlima yanapunguza kasi. Au mwache avute kidogo, yakianza kuruka mtoe, yakinge kwenye nepi nusu dakika, mrudishe.

*Umefaulu* ukimaliza kunyonyesha na dera ni kavu pande zote mbili.

Hatua ya 5: Kamua kupunguza, usikamue kumaliza

Hapa naomba msome taratibu maana ndo panapozalisha majipu.

Ziwa linafanya kazi kama mama ntilie. Sufuria ikiisha saa sita kesho anapika kubwa zaidi, ikibaki nusu kesho anapunguza. Ukikamua mpaka likauke kila saa unaliambia ziwa kuna wateja mapacha, nalo linatengeneza ya mapacha. Halafu unavuja zaidi, unakamua zaidi, na kwenye huo mduara hutoki mpaka uumwe.

Sasa unafanyaje likijaa na mtoto kalala fofofo? Kwanza jaribu kumwamsha anyonye, ndo dawa namba moja. Ikishindikana:

Nawa mikono. Weka dole gumba juu na kidole cha shahada chini, sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu, mbali na chuchu yenyewe. Sukuma kurudi kifuani, halafu kutanisha vidole, achia. Sukuma, kutanisha, achia. Usiburuze vidole kwenye ngozi, na usiminye chuchu, chuchu haina maziwa, maziwa yako nyuma yake.

Dakika moja au mbili kila upande, acha. Ziwa likitoka kwenye ugumu wa embe bichi likawa kama bolibo lililoiva, inatosha. Haliwi tupu na halitakiwi kuwa tupu. Baada ya hapo kitambaa cha maji baridi dakika kumi, inapunguza uvimbe. Maji ya moto yaache, au kidogo tu kabla ya kunyonyesha kama yanagoma kutoka.

Na kunywa maji kama kawaida yako, kiu ikikushika kunywa. Kujinyima maji hakupunguzi maziwa, kunakupa kichwa kuuma tu. Mtori na supu ya pweza kula kwa sababu umezaa una njaa, ila kama tayari unavuja mpaka mlangoni na mama mkwe bado anakulazimisha bakuli la tatu "maziwa yaje", mwambie yameshakuja mama, asante.

Hatua ya 6: Usiku

Usilale na sidiria ya kubana. Vaa kitopu cha pamba kilicholegea na pedi mbili juu ya nyingine kila upande. Kitandani tandika hivi: godoro, ule mpira, kanga nene imekunjwa juu yake, halafu shuka. Mpira usiguse ngozi yako, na mtoto usimlaze juu yake, joto lake lisikie kwa jirani.

Weka kanga ya pili kavu kwenye mto. Ukiamka saa tisa umelowa unabadili kwa giza bila kuwasha taa, bila kuamsha mtu. Kama pangaboi linazunguka na umelowa utasikia baridi hata Desemba, ndo maana watu wanasema "nina homa" kumbe ni nguo mbichi. Badili kwanza, jipime baadaye.

Hatua ya 7: Kutoka, na mtihani wa daladala

Nilienda kichen pati mtoto akiwa na wiki tano. Gauni la satini rangi ya pichi, jamani. Shangazi kashika maiki anamfunda bibi harusi, mtoto wa meza ya nyuma akalia, kufumba na kufumbua nina visosi viwili vyeusi kifuani na mpiga picha anakuja meza yetu. Nilishika pochi kifuani mpaka keki.

Kwa hiyo: nyonyesha dakika ya mwisho kabla ya kutoka mlangoni, si saa moja kabla. Vaa kitenge au nguo ya maua ya rangi nzito. Satini, hariri, kijivu na rangi moja iliyopauka ziache kabatini, hizo ndo zinatangaza. Mtandio begani hata kama huvai kichwani. Kwenye begi jozi mbili za pedi, blauzi moja, na lile kopo.

Ukisikia ile ganzi inakuja, kunja mikono kama mtu aliyekasirika na bonyeza chuchu zote mbili kwa viganja, moja kwa moja kurudi kifuani, ukihesabu mpaka kumi, ikibidi rudia. Mara nyingi yanakata. Kwenye gari la Mbagala umesimama mkono mmoja uko kwenye bomba, tumia begi, likumbatie kwa nguvu, watu watadhani unaogopa vibaka.

*Onyo:* hii ni ya dharura. Ukibonyeza kila yanapotaka kutoka, hasa wiki sita za mwanzo, yanaziba ndani. Nyumbani yaache yatoke.

Hatua ya 8: Ukirudi kazini

Sheria ya ajira yetu ya 2004 inakupa likizo ya uzazi siku 84, mapacha 100, na ukirudi una haki ya kwenda kumnyonyesha mtoto mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mabosi wengi wanajifanya hawaijui hii. Omba kwa maandishi kabla hujarudi.

Kama unaishi Chanika na kazi ni Posta huwezi kwenda kunyonyesha ukarudi, kwa hiyo hayo masaa mawili yatumie kukamua, saa nne na saa nane hivi. Hapa ndo unakamua vizuri maana mtoto atayahitaji kesho, si kama hatua ya 5. Kibebeo cha barafu chenye barafu ngumu kinatunza mpaka masaa 24. Mwanzoni utavuja sana, wiki ya kwanza ya kazi chukua blauzi mbili.

Hatua ya 9: Kufua

Maji ya baridi kwanza. Ukianza na ya moto maziwa yanaganda kwenye nyuzi, doa linakuwa la njano na harufu ya mtindi haitoki. Loweka nusu saa, fua kwa sabuni ya kipande, suuza sana, ndo unaweza kumwagia ya moto. Anika juani, jua la Dar linatoa doa na linaua vijidudu bure.

Masika ndo shida, pedi inakaa siku mbili haijakauka. Kamua kwa kuiviringisha ndani ya taulo kavu, ianike mbele ya feni, malizia na pasi. Ikiwa na unyevu hata kidogo usivae, ndo hizo fangasi tena.

Usikae nyumbani ukiona hivi

Ziwa lina sehemu nyekundu, ya moto, ngumu, inauma, na una homa ya nyuzi 38 kwenda juu au mwili unatetemeka. Hiyo si ya kungoja, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukiendelea kunyonyesha ziwa hilohilo haimdhuru mtoto, na ukiacha ghafla unaongeza hatari ya jipu. Ila kwa mama mwenye maambukizi ya VVU hapo ushauri ni tofauti, asinyonyeshe upande huo mpaka aongee na mhudumu wake. Pia nenda kukiwa na usaha, damu isiyoeleweka, uvimbe ambao haupungui, au chuchu zinachoma na kuwasha huku mdomoni kwa mtoto kuna utando mweupe usiofutika. Huo wa mwisho mnatibiwa wote wawili, ukijitibu peke yako anakurudishia.

Usinywe vidonge vya kukausha maziwa alivyokupa jirani.

Yanaisha lini

Kwa wengi kuanzia wiki ya sita mpaka ya kumi na mbili mwili unajua mtoto anakula kiasi gani na kuvuja kunapungua sana, kwa wengine kunaendelea kidogokidogo muda wote wa kunyonyesha na si ugonjwa. Yangu yalipungua wiki ya kumi, ila ziwa la kulia liliendelea kunifanyia vituko nikisikia tu adhana ya alfajiri, maana ndo ilikuwa saa yake ya kunyonya. Jozi sita nilimpa wifi alipojifungua. Zilizobaki dada wa kazi anafutia luninga, taulo lile lina nguvu mpaka leo.